Asilimia, kilomita na yuniti za kinyozi wa Shanzu

Jumamosi moja ya mwezi wa saba nilitoka Nyali asubuhi na betri mia kwa mia, dashbodi yanambia nna kilomita 118, nikaenda Takaungu kumchukua shangazi yangu, na jioni yake nikajikuta nimekaa kwenye benchi la kinyozi Shanzu, gari nusu liko barabarani nusu liko kwenye mtaro, waya wa ekstensheni umepita juu ya vichwa vya wateja, na kijana aliyeshika mashine ya kunyoa ananiuliza, "Sasa mzee, hii gari yako inakula yuniti ngapi?" Sikuwa na jibu. Na gari nilikuwa nalo miezi minane tayari.

Wacha nirudi nyuma. Gari lenyewe ni dogo la umeme, limetumika Japani halafu likaja kwa meli hapa bandarini kama mengine yote, na aina yake sitaji maana kosa la siku ile ni langu mwenyewe. Pale yadi jamaa aliniambia linaenda kilomita mia mbili, "na zaidi kidogo ukiendesha kistaarabu." Siwezi kusema alinidanganya, alisoma karatasi iliyokuja na gari. Ila hizo karatasi zina mambo yake. Chukua Nissan Leaf ya betri ya kilowati-saa 24, ile iliyofanyiwa marekebisho, kwa kipimo cha Japani cha JC08 iliandikwa kilomita 228, halafu Marekani wale watu wa EPA, mamlaka yao ya mazingira, wakaipima wakaipa maili 84, ambazo ni kama kilomita 135. Tofauti hapo ni tisini na kitu, yaani utoke Mombasa ufike Kilifi, na nusu ya njia ya kurudi juu yake. Hakuna aliyeiba, ni kwamba kile kipimo cha Japani kinaendeshwa kimjini mjini, wastani wa kasi haufiki hata 25 kwa saa, na AC imezimwa. Sasa wewe nionyeshe mtu anayekwenda Malindi kwa kasi ya baiskeli na AC kazima.

Basi kwenye dashbodi kuna namba mbili, asilimia na kilomita, na mimi kwa miezi yote ile nilizichukulia kama bei iliyoandikwa kwa shilingi na kwa dola, kitu kilekile mara mbili. Tena nilikuwa naitazama zaidi ile ya kilomita, kwa sababu ndo lugha ninayoijua, nataka kwenda mahali, mahali pana kilomita, mambo yamekwisha. Mke wangu mpaka leo anaitazama hiyo hiyo, tumebishana tumechoka.

Tuanze na asilimia, maana ndo ina afadhali, ingawa nayo haijatulia kama watu wanavyodhani. Tangi la petroli lina boya ndani, mafuta yakishuka boya linashuka, mshale nao unafuata. Betri huwezi kuichovya kijiti ukaona imefika wapi. Kompyuta ya gari inachofanya ni kuhesabu umeme ulioingia na uliotoka, kama karani wa duka na daftari lake, na mara mojamoja gari likiwa limetulia inapima volti ijisahihishe pale ilipokosea. Na kuna betri nyengine, hizi za LFP (lithiamu, chuma na fosfeti) ambazo zimejaa kwenye magari ya Kichina sasa hivi, volti yake haichezi sana kutoka juu mpaka karibu na chini, kwa hiyo karani anakosa cha kujisahihishia, ndo maana wenye magari hayo huambiwa wachaji mpaka mia mara kwa mara ili daftari lianze upya. Kwa hiyo hata ukiona 43 hapo usidhani mtu kahesabu moja moja akafika 43.

Lakini jambo lililonichelewesha mimi kuelewa ni hili, asilimia ya nini? Bibi yangu alikuwa na kibaba cha bati cha kupimia mchele, kimebonyea ubavuni tangu sijazaliwa, kuna mtu alikikalia. Ukikijaza kinajaa, mchele unafurika juu, ukiuliza utaambiwa kibaba hiki kimejaa. Na ni kweli kimejaa. Ila ukienda kumimina kwenye kibaba kizima unaona pale juu pamebaki nafasi. Betri iliyozeeka ndo hiyo, inasoma mia na kweli ni mia, mia ya kibaba kilichobonyea. Na joto ndo linalobonyeza. Mwaka 2012 wenye Leaf wa Phoenix kule Arizona walianza kulalamika kwamba betri zao zinapungua uwezo haraka kuliko walivyotarajia, na joto la huko si mchezo, na betri ile haina mfumo wa maji wa kuipoza. Sisi hatuna joto la Phoenix lakini letu halipumziki, mwezi wa pili hapa hata usiku unalala umelowa.

Langu nilichomeka kile kidude chini ya usukani kinachozungumza na simu, kikanambia afya ya betri ni asilimia 74. Likiwa jipya lilikuwa linakupa kama yuniti 21 na kitu za kutumia (yuniti hizi hizi za stima, kilowati-saa), sasa linanipa kama 16. Maana yake mimi na mwenye gari jipya la aina hiyohiyo tukisimama pamoja sote tumeandikiwa 50, yeye ana yuniti kumi na nusu, mimi nna nane. Na dashbodi zote mbili zimesema ukweli.

Hayo yote niliyajua baadaye lakini. Siku ile nilikuwa najua 118 tu.

Ile namba ya kilomita inatengenezwa hivi, gari linachukua kilichobaki kwenye betri halafu linatazama juzijuzi umekuwa ukila vipi, linazidisha, linakupa jibu. Sasa hiyo juzijuzi ni ndefu kiasi gani ndo kila kampuni ina siri zake, kuna magari yanatazama kilomita nyingi za nyuma namba inakwenda polepole, na kuna kama langu yanatazama kipande kidogo tu yanarukaruka kama bei ya nyanya. Tesla kwa mfano ile namba ya pembeni ya alama ya betri haitazami unavyoendesha kabisa, inatumia ulaji ule wa kwenye cheti, kwa hiyo inatulia, ila imetulia kwenye maisha ya mtu mwengine. Langu ukibonyeza kitufe cha AC tu unaona 118 imekuwa 106 hapohapo, gari bado liko uani hujatoa hata mguu kwenye breki. Nilipoliona hilo mara ya kwanza nilikizima haraka kama mtu aliyegusa pasi.

Kwa hiyo safari. Nyali mpaka nyumbani kwa shangazi ni kilomita 50, kwenda na kurudi 100, mkononi nna 118, na nilikuwa nimeshapanga nikifika nitachomeka kwenye soketi ya ukutani kwa masaa matatu manne wakati tunakula. Hesabu ya darasa la pili. Tukatoka mimi na mke wangu asubuhi, barabara ina matengenezo lakini inapitika, nakwenda 80 pale panaporuhusu, na gari siku hiyo, mashallah, likawa kama linasukumwa. Tumefika Takaungu betri inasoma 59. Na kilomita zinasoma 74! Nimetembea 50 zimepungua 44. Nikamwonyesha mke wangu, nikajisifu mguu wangu mwepesi, sijui nini, nikasema wenzangu hawajui kuendesha umeme.

Nyumbani kwa shangazi stima hakuna. Imepotea tangu saa nne, na ilirudi au haikurudi mimi sijui kwa sababu mpaka tunaondoka haikuwa imerudi. Sikujali, wallahi. Nna 74, narudi 50, nna akiba ya 24.

Sasa nikwambie kitu ambacho mtu wa pwani hana haki ya kukisahau nami nikakisahau. Mwezi wa saba ni kusi. Inavuma kuanzia mwezi wa nne hivi mpaka wa tisa, inatoka kusini na kusini mashariki, na kutoka Mombasa kwenda Takaungu unaelekea kaskazini. Asubuhi haikuwa mguu wangu mwepesi. Nilikuwa natweka tanga tu, nina upepo mgongoni. Na kusi kwa kawaida inapata nguvu mchana ikielekea alasiri, na mimi narudi saa kumi na moja.

Hesabu yake ni mbaya kuliko inavyosikika. Hewa inaligomea gari kwa kipeo cha pili cha kasi ya upepo unaolipiga, sio kasi ya barabarani. Tuseme unakwenda 80 na upepo ni 20 kwa saa, ambao kwa kusi ni wa kawaida tu. Ukiwa nao mgongoni, gari linahisi hewa ya 60. Ukigeuka, linahisi hewa ya 100. Sitini mara sitini ni 3,600, mia mara mia ni elfu kumi. Kazi ya kuipasua hewa karibu mara tatu, barabara ileile, mshale wa kasi umesimama palepale kwenye 80. Kuna msuguano wa tairi ambao haubadiliki na upepo, kwa hiyo ulaji mzima hauruki mara tatu, lakini unaruka. Gari la petroli nalo linapata shida hiyohiyo, ila tangi lake kubwa na injini yake inapoteza nishati nyingi kwa joto hata bila upepo, hivyo huioni. Gari la umeme halina pa kuificha.

Na ile namba 74 ilizaliwa asubuhi, upepo ukiwa mgongoni. Gari halijui kwamba nimegeuka. Linadhani maisha yataendelea vile vile. Wenzetu wa nchi za baridi wana yao, Januari 2023 tume ya ushindani ya Korea Kusini iliipiga Tesla faini ya karibu won bilioni 2.85 kwa kutowaambia wanunuzi vya kutosha kwamba kilomita zinapungua kwenye baridi. Baridi angalau unaihisi kwenye vidole. Upepo ukiwa ndani ya gari vioo juu huuhisi.

Tulikuwa wanne wakati wa kurudi, mimi, mke wangu, shangazi, na mjukuu wake wa kidato cha pili, na buti limeshiba nazi na mkungu wa ndizi, na kuku mmoja hai ambaye sikuulizwa. AC imewashwa kwa sababu ya vumbi. Na nikakanyaga kidogo, 85, 90, nataka tuwahi magharibi. Tukifika Vipingo tumetembea kilomita 16, namba imetoka 74 imefika 45.

Shangazi alikuwa amekaa mbele na miwani yake anaitazama ile dashbodi kama taarifa ya habari.

"Mwanangu, hii namba mbona yashuka mbio kuliko gari?"

Nikamwambia shangazi hiyo inakisia tu, itatulia. Akanyamaza kidogo, akatazama minazi nje, yote imelala upande mmoja, makuti yanapiga kama bendera. Baba yake alikuwa mvuvi. "Hii omo hii," akasema, yaani upepo wa mbele. "Hii si kwenda, hii ni kusukumana." Mimi ndo nikaitazama minazi kwa mara ya kwanza siku nzima.

Basi likaanza suala la madirisha. Shangazi anasema zima hiyo baridi yako tufungue vioo, kupunguze kula. Mke wangu anasema vumbi. Mimi nikasema ukifungua vioo vyote kwa kasi hii hewa inaingia inaleta ukinzani, heri AC, na hapo nilikuwa nasema kweli lakini kwa sauti ya mtu anayejitetea. Jawabu sahihi lilikuwa kupunguza mwendo, 60 tu, hakuna dawa nyengine inayoshinda hiyo. Ila ukiwa na wasiwasi wa kufika mguu unafanya kinyume, unakimbia ili ufike kabla betri haijakwisha, na kukimbia ndo kunaimaliza. Kikambala tulifika na 27 kwa asilimia, kilomita 25, njia iliyobaki 22. Akiba yangu ya 24 imekuwa ya tatu.

Halafu jamu ya Mtwapa.

Kwenye jamu mota haili kitu, gari la umeme likisimama limesimama. AC inakula lakini, kama yuniti moja kwa saa, na ukikaa dakika arobaini na tano unatambaa kilomita moja ile kompyuta inachanganyikiwa kabisa, inaona umeme unatoka na kilomita haziingii, inafikiri sasa hivi ndo ulaji wako mpya. Namba zikaanza kuanguka tumesimama. Ishirini na moja. Kumi na saba. Yule kijana nyuma anazisoma kwa sauti mpaka mke wangu akamwambia anyamaze. Nikazima AC, nikafungua vioo, kuku akaanza kulia.

Tulipovuka daraja la Mtwapa tukapanda kile kilima asilimia ikawa saba, na hapo likatokea jambo ambalo sikuwahi kuliona. Kilomita zikapotea. Pale palipokuwa na namba pakawa na vistari vitatu. Miezi minane gari linanipa namba kila nikiliwasha, bila kuombwa, kwa ujasiri wote, 118, 106, 74, na siku ya kwanza ninapoihitaji kweli linasema aa, hapo mimi simo. Kisa chake nakielewa sasa, betri ikiwa chini kabisa karani hana uhakika na daftari lake na mtengenezaji hataki uhesabu kilomita mbili za mwisho halafu uzimikiwe katikati ya barabara. Inaingia akilini. Lakini siku ile niliihisi kama matusi.

Asilimia bado ilikuwepo, saba. Na ndo mara ya kwanza nikapiga hesabu mwenyewe. Toka kwa shangazi mpaka pale ni kilomita 41, nimekula asilimia 52, kila asilimia moja inanipa mita 800 bila kutimia. Mara saba ni kama kilomita tano na nusu. Nyumbani kumebaki tisa. Kwa hiyo siendi popote, tafuta soketi.

Kinyozi alikuwa wa kwanza mwenye taa. Kijana mpole, akasema chomeka tu mzee, halafu akaona ekstensheni yangu imezungushwa kwenye gurudumu lake, akaja akaikunjua yote mpaka mwisho akailaza chini, akasema ikiwa imejikunja itapata moto. Ni kweli kabisa, ampea kumi kwa saa nzima kwenye waya mwembamba uliojiviringisha inaweza kuyeyusha. Mimi mwenye gari la umeme ndo naelekezwa.

Na kabla hajarudi kwa mteja wake akainua macho kwenye mita ya tokeni ukutani, akasoma kwa sauti, "Kumi na nne nukta sita." Ndo akaniuliza lile swali, linakula yuniti ngapi. Nikaanza kumweleza kilomita, yeye hakutaka kilomita, ana mita yake, anataka yuniti. Akanambia tokeni za mia mbili zinamkalisha siku ngapi kama feni ziko mbili, ngapi kama kuna mpira kwenye TV, na wikendi za sikukuu vichwa vinavyokuja ni vingi mashine haipoi. Ile mita haijawahi kumwambia una siku tatu zimebaki. Inamwambia 14.6. Siku tatu anazitoa yeye kichwani, kwa sababu yeye ndo anajua kesho ni Jumapili.

Nilikaa pale nikaitazama ile mita muda mrefu. Kila nyumba ninayoijua inaishi na namba ile, shangazi yangu ambaye hajasoma anajua yuniti sita zitamfikisha lini na friji akiizima usiku zitamfikisha lini, na hakuna anayelalamika kwamba mita haitabiri. Na gari langu linazijua yuniti zake, kile kidude cha simu kinazisoma bila taabu, ila waliolitengeneza waliona kwenye dashbodi zisiwekwe. Nipe yuniti bwana. Upepo nitautazama mimi, watu ndani ya gari nitawahesabu mimi, na kuku.

Dakika hamsini na tano. Asilimia imefika 19, mita ya ukutani 12.3. Nikatoa mia mbili. Kinyozi akapiga hesabu midomo inatembea, "Imetoka mbili nukta tatu, feni na redio zangu toa nukta moja, wewe mbili nukta mbili. Sabini hivi." Akanirudishia mia na thelathini, na nikikataa anakasirika.

Dashbodi ilipowaka ikaandika kilomita 17. Shangazi akaegemea, akavua miwani, akaisoma karibu.

"Na hii yatoka wapi?" akauliza.

Usiku ule upepo ulikuwa umelegea, tukaenda hamsini kwa saa mpaka nyumbani, tukaingia na tisa.